Namna ya kufuatilia mafua na vifua Mtwara na Lindi bila kudanganywa na salfa

Kila mwaka ikiingia mwezi wa sita simu zinaanza, mtu wa zahanati ya jirani anapiga anasema "kaka huku kwetu mafua yamelipuka, kwenu vipi?" na mimi swali langu la kwanza huwa moja tu, mmeanza kupuliza lini? Maana huku uwanda wa Makonde huwezi kuongelea kikohozi ukaiacha mikorosho pembeni. Kuanzia hapo mwezi wa tano sita watu wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, wanapuliza alfajiri umande ukiwa bado upo majani na upepo umetulia, mashine mgongoni, wengi hawana hata barakoa kafunga kanga puani basi, na wakati huohuo ndo baridi ya kusi inashuka Newala na Tandahimba mpaka watu wanalala na makoti. Kwaiyo kikohozi cha salfa na kikohozi cha mafua vinakuja siku moja kwenye benchi moja. Ukihesabu kila anayekohoa umekwisha.

Najua kwa sababu mi mwenyewe nilikwisha. Mwaka wangu wa kwanza kushika rejesta nilihesabu kila mstari wenye neno kikohozi, nikachora chati yangu kwa peni nyekundu, laini imepanda kama mnazi, nikampigia mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya kwa kujiamini kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho afu akauliza kwa upole, "hao 41 wangapi wana homa?" Nikarudi kwenye kitabu. Tisa. Na kati ya hao tisa, wanne joto halijapimwa, limeandikwa tu "mwili wa moto". Nilikaa kimya kwenye simu hadi akadhani mtandao umekata.

Basi haya nayoandika hapa ni kwa mtu yeyote aliyeko zahanati, kituo cha afya, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hata mwalimu wa afya shuleni, anayetaka kujua mafua yanatembeaje huku kusini na sio kubahatisha.

Kwanza kubaliana na wenzako mnahesabu nini. Usitunge maana yako, ipo ya Shirika la Afya Duniani na ndo inayotumika kwenye vituo vya ufuatiliaji wa mafua. Mgonjwa wa kuhesabu ni mwenye homa iliyopimwa nyuzi 38 au zaidi, NA kikohozi, NA vimeanza ndani ya siku 10 zilizopita. Vyote vitatu kwa pamoja. Homa peke yake hapana, kikohozi peke yake hapana, mtu anakohoa mwezi mzima huyo sio wa daftari hili kabisa, huyo akishapitisha wiki 2 mpeleke akatoe makohozi apimwe TB. Halafu kuna kundi la pili la wale wakali, homa (hata kama ni ya kusimuliwa tu, alikuwa nayo nyumbani), kikohozi, ndani ya siku 10, na amezidiwa kiasi cha kulazwa. Makundi haya usiyachanganye kwenye namba moja, moja linakwambia mafua yameenea kiasi gani na lingine linakwambia yanaumiza kiasi gani, na kuna msimu la kwanza linapanda la pili limetulia tuli.

Sasa hapo kwenye neno "iliyopimwa" ndo vituo vingi vinafia. Kipimajoto kipo lakini betri imeisha tangu pasaka, au kipo kwenye droo ya chumba cha kujifungulia, au foleni ni ndefu basi nesi anaweka kiganja kwenye paji la uso anaandika "febrile" maisha yaendelee. Nunueni betri. Kama hela ya kituo haipo changeni, betri ya kipimajoto ni bei ya chai na chapati mbili. Na pimeni kwa kila anayekuja na kikohozi, sio kwa yule mnayemshuku tu, maana ukipima unaowashuku tu utapata unachokitaka.

Nikupe mfano wa bibi mmoja, alikuja Julai asubuhi macho mekundu, pua inatiririka, anabanja mpaka anashika ukuta.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu, haya mafua yataniua."
"Pole bibi. Yameanza lini?"
"Toka juzi walipopuliza kwa jirani, upepo ukageuka wote ukaja kwangu, kuku wenyewe wanapiga chafya."

Joto 36.7. Koo linawasha, macho yanawasha, ngozi ya mikono inawasha. Mwili hauumi, hamu ya kula anayo, tena kaniuliza kama saa nne atakuwa amemaliza maana kaacha mihogo jikoni. Huyo sio mafua, salfa inakera macho, koo na ngozi lakini haipandishi homa. Anatibiwa, anaandikwa kwenye rejesta ya kituo kama kawaida, ila kwenye daftari la mafua haingii. Mi nina kasafu kadogo pembeni naandika S kwa wa aina hiyo, na siku hizi ndo safu naipenda kuliko zote, kwa sababu S zikipanda na homa zimetulia najua ni mikorosho, zote mbili zikipanda pamoja ndo naanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Na malaria je? Huku ni ukanda wa malaria, kila mwenye homa anapimwa kipimo cha haraka na ndivyo inavyotakiwa. Ila watu wanafanya kosa la kuona mistari miwili wanafunga jalada, "ni malaria", kikohozi kimesahaulika. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kama ana homa 38 na kikohozi ndani ya siku 10 muingize kwenye hesabu, afu weka alama kwamba malaria ni chanya. Ukija kuchambua utatoa au utaacha, lakini kama hukuandika huna cha kutoa.

Pili, wiki. Usihesabu kwa mwezi, mafua mtu akiambukizwa dalili zinatoka ndani ya siku 1 hadi 4, kwaiyo ukisubiri mwisho wa mwezi yameshapita kijiji kizima na kuhamia kingine. Wiki ya magonjwa inaanza Jumatatu inaisha Jumapili, na wiki ya 1 ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Ndo maana wiki ya 1 ya 2026 inaanzia Jumatatu ya tarehe 29 Desemba 2025, watu wengi wanakosea hapo wanaanza kuhesabu Januari mosi na mwaka mzima wanakuwa wamepishana na wenzao. Chapisha kalenda ya wiki ubandike ukutani, biashara imeisha.

Tatu, na hili nalirudia kila siku kwenye grupu mpaka wamenichoka, USILETE NAMBA YA WAGONJWA TUPU. Leta na jumla ya waliohudhuria OPD, yaani wagonjwa wa nje wote, wiki hiyo. Tuseme wiki ya 27 umepata wagonjwa 19 wa mafua kati ya watu 214 waliofika. Hiyo ni 19 gawanya kwa 214 mara 100, karibu asilimia 8.9. Wiki ya 28 umepata 12 tu, unafurahi yameshuka. Ngoja kwanza. Wiki ya 28 ina Sabasaba, nesi mmoja kaenda likizo, watu waliofika wote ni 98. 12 kwa 98 ni asilimia 12.2. Yamepanda bana, waliopungua ni watu wa kuja zahanati. Mvua kubwa ya Februari mto ukijaa ni hivohivo, msimu wa kuokota korosho mwezi wa kumi kumi na moja ni hivohivo, mtu anaumwa lakini haachi korosho chini zikaibiwe.

Gawa na umri pia, angalau chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 14, 15 hadi 49, 50 hadi 64, na 65 kuendelea. Sio urembo. Mafua yakianza mara nyingi yanaonekana kwa watoto wa shule kwanza, wazee wanafuata, na wazee na watoto wadogo ndo wanaolazwa. Ukiona wote wanaolazwa ni vijana wa miaka 20 na wana afya zao, hiyo ni habari ya kupiga simu.

Ukurasa wa daftari langu uko hivi, mstari mmoja kwa wiki: namba ya wiki, jumla ya OPD, wenye mafua kwa umri, waliolazwa, waliofariki, malaria chanya kati yao, S, na mwisho safu ya maneno. Hakuna majina. Majina yapo kwenye rejesta ya MTUHA, vile vitabu vya wizara vya kuandikia wagonjwa, yanabaki hukohuko, daftari la hesabu ni la vijiti tu, nne wima na wa tano unalala. Anayejua eksel aweke kwenye eksel, mi bado naanza na vijiti kwa sababu umeme ukikatika kijiti hakikatiki.

Ile safu ya maneno msiidharau. Naandika humo: "wameanza kupuliza", "shule zimefunguliwa", "jando kitongoji cha juu, watoto wamelala pamoja", "Nanenane, watu wameenda Ngongo", "mnada". Ukiangalia chati baada ya miaka miwili bila maneno hayo unaona milima na mabonde tu hujui kilipandisha nini. Huku tropiki mafua hayana msimu mmoja uliokaa sawasawa kama kule Ulaya ambako wanasubiri majira ya baridi, virusi vinazunguka mwaka mzima na vinaweza kupanda zaidi ya mara moja, ndo maana kalenda ya kwenu mnaijua nyie wenyewe, hakuna atakayekuja kuwaandikia.

Hapo kituo kimoja kimekaa sawa. Sasa mkoa.

Mtwara kwa sensa ya 2022 ina watu 1,634,947, Lindi 1,194,028, na kati ya Kilwa mpaka Nanyumbu ni safari ya kutwa. Huwezi kuvichukua vituo vyote, na huna haja. Chagua vichache vinavyotofautiana: kimoja pwani kwenye watu wengi (Mtwara mjini, Lindi mjini, Kilwa Masoko), kimoja juu ya uwanda kwenye baridi (Newala au Tandahimba), kimoja njia kuu na stendi kubwa (Masasi, pale magari ya Tunduru, Nachingwea na Newala yanakutana), kimoja mpakani mto Ruvuma kama Mtambaswala maana watu wanavuka Daraja la Umoja kwenda na kurudi Msumbiji kila siku na mafua hayaulizwi pasi, na kimoja kule Liwale ambako ni mbali na kila kitu. Kwa wanaolazwa angalia hospitali, Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao. Vituo sita vinavyoleta kila Jumatatu ni bora kuliko sitini vinavyoleta vikijisikia.

Na hilo la kujisikia ndo ugomvi wangu mkubwa. Kituo kisipoleta namba, wewe usiandike sifuri. Sifuri maana yake "tumeangalia hakuna mgonjwa", kimya maana yake hatujui, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na nimeona chati ya mtu imeshuka hadi chini kumbe mnara wa simu ulikuwa umezima siku nne. Acha nafasi wazi, na juu ya kila wiki andika vingapi vimeleta kati ya vingapi, mfano 5/6. Wiki ya mwisho kwenye chati usiiamini, wachelewaji wapo tu, kuna dada yangu mmoja mpaka apande kwenye mwembe wa shuleni ndo laini ishike na kama mvua inanyesha hapandi na simlaumu. Mi wiki ya karibuni naichora kwa penseli, wino nautia wiki inayofuata.

Usijumlishe vituo vyote ukatoa asilimia moja ya mkoa ukaridhika. Iweke kila laini peke yake, kisha angalia nani kaanza. Ikianza Masasi wiki hii, wiki ijayo Newala, ya tatu Mtwara mjini, hapo unaona kabisa yanapita na mabasi. Zikipanda zote uwanda wa juu wiki hiyohiyo na pwani kumetulia, rudi kwenye S zako kwanza kabla hujapiga simu.

Kuna vyanzo vya pembeni pia. Shule ni kizuri mno, muombe mwalimu mkuu idadi ya wasiokuja kwa darasa kila Ijumaa, hutaki sababu, unataka namba, ukiona darasa moja limetoka watoro 3 hadi 17 nenda. Duka la dawa muhimu nalo, muuzaji anajua kabla yako, ila usimwombe takwimu atakukimbia akidhani wewe ni mkaguzi, pita jioni nunua maji, uliza "dawa za kikohozi zinatoka?" Mi yangu akisema "zimekata tokea Jumanne" naliandika kwenye safu ya maneno, sio kwenye hesabu. Ni fununu, ila fununu nzuri.

Utajuaje sasa kwamba imezidi kawaida? Kama una miaka mitatu au zaidi, chukua asilimia za wiki hiyo na wiki iliyo kabla na baada yake kwa miaka yote, tafuta wastani, afu jumlisha mikengeuko sanifu miwili (standard deviation, kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), eksel inakupa kwa sekunde. Ukivuka hapo umevuka. Kama huna miaka, na wengi hatuna, mi sheria yangu ya kienyeji ni hii: wiki mbili mfululizo zimepanda, na angalau kituo kimoja cha jirani nacho kimepanda, na wenye homa ndo wameongezeka sio S. Wiki moja peke yake siipigii kelele tena, nimeshajifunza kwa aibu.

Lakini kuna vitu havisubiri wiki wala asilimia. Wawili watatu wa nyumba moja au bweni moja wamezidiwa ghafla, mhudumu wa afya aliyewahudumia kaumwa vilevile, kifo kisichoeleweka, kuku au bata wanakufa kwa wingi na aliyewashika anabanwa kifua (mara nyingi itakuwa ni mdondo tu, ila mwite na afisa mifugo), au dalili ambayo hujawahi kuiona. Hapo ni simu siku hiyohiyo kwa mganga mfawidhi na mratibu wa wilaya, na ukiwakosa namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Mnakumbuka Ruangwa, Julai 2022, pale Mbekenyera? Watu wana homa, kichwa, uchovu, na damu zinatoka puani. Kama yule aliyewapokea wale wawili wa kwanza angeandika "mafua makali" akawapa vidonge wakaondoka, ingekuwaje? Taarifa ilipanda mkoani, timu ikaja, sampuli zikapimwa, Ebola hapana, Marburg hapana, korona hapana, na tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza ni homa ya mgunda (leptospirosis, bakteria wanaotoka kwa wanyama), wagonjwa 20, watatu kati yao wamefariki. Wagonjwa wawili tu ndo walianzisha yote yale.

Na hapo uone pia nani alitangaza. Kutangaza mlipuko ni kazi ya Wizara, sio yako na sio ya grupu la wasapu la ukoo. Wewe unatoa taarifa kwenda juu. Nimeshuhudia picha ya rejesta yenye majina ya watu imezunguka mji mzima kabla ya saa saba mchana, na mama mmoja akahamwa na wateja wake wa vitumbua kwa mafua ya kawaida.

Kuhusu sampuli sitakaa sana, kama kituo chako hakipo kwenye mpango wa kuchukua sampuli za mafua usianze kuingiza vijiti watu puani kwa kubuni. Kama mpo, mchukue mgonjwa aliye siku za mwanzo, siku tatu nne za kwanza virusi ni vingi, ikipita wiki unapoteza kijiti. Iende kwenye majimaji yake maalum, kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ifike maabara ya taifa Dar ndani ya siku 3. Yaani piga hesabu ya basi kabla hujachukua, sampuli ya Ijumaa jioni Newala ni mateso kwa kila mtu. Majibu ndo yanakwambia ni kirusi cha mafua aina A au B, na kama ni A ni kundi gani, H3N2 au jingine, au siyo mafua kabisa ni korona, kwa macho huwezi, usimwamini anayesema anaweza.

Kwa watoto nitoke nje ya mada kidogo, ukiwa unajaza vijiti usisahau kuwahesabia pumzi dakika nzima, mtoto ametulia halii. Chini ya miezi 2 pumzi 60 na kuendelea, miezi 2 hadi 11 pumzi 50, mwaka 1 hadi miaka 5 pumzi 40, hizo ni za haraka, na kama kifua kinabonyea ndani, hanyonyi, au kalegea, acha daftari tafuta gari.

La mwisho ni mchwa. Nilipofika hapa niliuliza madaftari ya miaka ya nyuma nikapelekwa stoo, maboksi manne, nikafungua la kwanza unga mtupu, la pili hivohivo, yaliyopona ni madaftari mawili na moja halina jalada. Wastani wangu wa miaka mitatu niliuanza upya kutoka sifuri. Kwaiyo liweke kabatini juu, sio sakafuni, kila Jumatatu ukishajumlisha piga picha ukurasa umtumie mratibu, na ukipata barua ya uhamisho daftari linabaki na anayekupokea, mkae naye Jumatatu mbili ajue S ni nini.